Mdomo Nilioufunga Mbele ya Mkwe

Meno ninayotafunia siku hizi yametengenezwa na watu. Usiku yanalala kwenye kikombe cha maji juu ya kabati, na asubuhi nayapiga mswaki kabla sijamsalimia mtu yeyote. Nalisema hili mwanzo kabisa ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha tuendelee.

Watu wa Kasingirima, hapa Kigoma, wananiita Mama Idi. Idi ndiye mwanangu wa pekee, fundi wa injini za boti. Baba yake alishatangulia mbele ya haki miaka mingi. Ninaishi na Idi, mke wake Zubeda, na mtoto wao. Shule niliishia darasa la saba lakini kuandika najua, na nimeamua kuandika kwa sababu kila ninapokwenda kliniki ya meno nawakuta wazee wenzangu wamejifunika khanga na vilemba mdomoni, na ninajua wanachokificha. Mimi nilikificha hadi karibu nivunje nyumba ya mwanangu.

Mambo ya vijidudu na majina ya dawa mtamuuliza daktari. Mimi nitawaambia yaliyonipata.

Kazi yangu tangu ujana ni dagaa. Pale mwaloni Katonga gunia la dagaa halinunuliwi kwa macho, maana wale wa juu huwa wamepangwa kwa ajili ya macho. Unaingiza mkono hadi katikati, unatoa mmoja, unamweka kwenye meno ya mbele unamkata. Aliyekauka sawasawa anakatika hapohapo na sauti yake unaisikia. Mwenye unyevu anapinda kwanza, na gunia la namna hiyo litavunda kabla treni haijafika Tabora. Wanawake wenzangu walikuwa wakinivuta mkono, "Mama Idi, njoo ututafunie hapa," nami nakwenda kwa madaha, maana meno yangu yalikuwa mazuri na mwanya katikati, na nilijua kwamba nilikuwa mzuri nikicheka. Marehemu mume wangu aliniposa kwa ajili ya mwanya ule. Tabia yangu aliijua baadaye, maskini.

Ugonjwa ulianza kwa damu kidogo kwenye mswaki. Nikasema mswaki mgumu. Kisha fizi zikawa zinawasha na kuvimba, kisha jino moja la mbele likaanza kucheza, ukiligusa kwa ulimi linaitikia. Nikasema ni uzee, na uzee hauna dawa. Nilisukutua chumvi, nikatafuna majani ya mwarobaini, nikabana karafuu kwenye pembe ya mdomo. Jirani mmoja aliniletea ugoro nipake. Mwingine akanishauri maji ya betri, na huyo namshukuru Mungu sikumsikiliza, nanyi msimsikilize mtu wa aina hiyo. Dagaa nikawa namvunja kwa vidole huku najidai nina haraka.

Kuna jambo la harufu. Watu hawalisemi, nami nitalisema, maana ndilo lililonifunga mdomo kuliko maumivu. Mdomo wangu ulikuwa unanuka. Nilikuwa najua kwa jinsi watu wanavyogeuza uso pole pole, kwa adabu, wakati ninaongea nao. Nikaanza kukaa mbali na watu. Msikitini nikawa nakaa pembeni kabisa. Nyumbani nikawa nachukua sahani yangu na kwenda kulia jikoni, nachovya mkate kwenye chai hadi ulainike, nameza bila kutafuna, halafu narudi barazani nimeshiba kwa maneno. Mtu mzima mwenye heshima zake hawezi kumwambia mwanawe, achilia mbali mke wa mwanawe, kwamba kinywa chake kinaoza. Ndivyo nilivyofikiri.

Sasa niwaambie kuhusu Zubeda. Huyu binti ametoka Kagunga, kule juu karibu na mpaka, na alipoolewa nilikuwa na wasiwasi naye kama mama yeyote mwenye mtoto mmoja. Wasiwasi uliisha wiki ileile. Ni mtu wa maneno mengi, anaongea huku anapika, anaongea huku anafua, na mimi ambaye nilikuwa nimekaa miaka na mwanamume anayezungumza na injini tu, nilijiona nimefunguliwa dirisha. Nampenda. Naandika hivyo hivyo bila kuzunguka.

Mimba yake ya kwanza ilipokua, alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo kawaida. Mtoto akazaliwa salama. Siku zikatimia, ikawa ni mimi wa kwenda Kagunga kumwona mjukuu na kuwaleta wote wawili nyumbani. Nilipanda boti Kibirizi asubuhi, nimevaa vizuri, zawadi zimejaa kikapu. Na ndani ya kikapu, chini ya vitenge, nilikuwa nimeweka chupa ya uji.

Mnaotoka kwetu mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze. Mgeni haji na chakula chake. Akija nacho, na hasa akiwa mkwe, maana yake anaogopa kutiliwa kitu. Yaani amewaona wenyeji wake ni wachawi, na hana haja ya kufungua mdomo kusema, chupa imeshasema. Mimi nililijua hilo tangu utotoni. Lakini wakati ule nilikuwa nimeshakuwa mtu anayefikiria kinywa chake tu, kutwa kucha, na nilipanga kuunywa uji ule kwa siri.

Mama Zubeda alikuwa amechinja mbuzi. Mwanamke yule ni mrefu, mkavu, anatembea kama amebeba mtungi hata akiwa mikono mitupu, na macho yake hayapitwi na kitu. Alinipokea kwa shangwe, akanikalisha kwenye mkeka mpya. Ikaja sinia ya ugali wa muhogo, samaki aina ya migebuka wa kubanika, na nyama ya mbuzi. Akachagua vipande vizuri kwa mkono wake mwenyewe, akavisogeza upande wangu.

"Karibu mkwe. Kula. Nyumba ni yako."

Nilikata tonge, nikachovya mchuzi, nikameza. Nyama nikaigusa nikairudisha. Jino la mbele lilikuwa linaning'inia, na la nyuma lilikuwa linapiga kama ngoma hadi sikioni. Nikasema tumbo limechafuka kwa ajili ya mawimbi. Ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia kabisa, na kila mtu pale alikuwa amelitazama.

Asubuhi alinikuta nyuma ya nyumba na chupa yangu, nakunywa uji. Alisimama. Alitazama chupa, akanitazama mimi.

"Mkwe, kwangu umeona nini?"

"Sijaona kitu, mkwe wangu. Ni tumbo tu."

"Ego," alisema. Ndiyo, kwa Kiha. Akageuka akaingia ndani, na sikumwona tena hadi tunaondoka.

Kwenye boti Zubeda alimpakata mtoto akatazama maji, kutoka Kagunga hadi Kibirizi. Nilijaribu kumsemesha akanijibu kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyoniumiza. Nyumbani akawa anapika, ananiwekea, anaondoka. Maneno yakaisha. Baada ya muda Idi alikuja kukaa karibu yangu, akakuna kichwa, anavyofanya akiwa na habari mbaya ya injini ya mtu.

"Mama, kule Kagunga wanasema umewaona wachawi."

"Nani anasema?"

"Mama Zubeda mwenyewe. Amepiga simu. Anasema kama wewe huli chakula chao, basi na mtoto wao asile chakula chetu. Anataka Zubeda arudi, na mtoto."

Ningesema siku ile, mambo yangeisha siku ile. Nilifungua mdomo, nikakumbuka harufu, nikaufunga. Nikamwambia maneno ya watu yatapita yenyewe. Idi akaondoka amenuna, akaenda kulala karakanani kwenye injini zake. Nyumba ikawa na watu watatu wazima wasiosemezana na mtoto mmoja anayelia kwa niaba ya wote.

Mvua zilikuwa zimeshika kwelikweli shavu lilipovimba. Lilianza jioni kama punje, asubuhi lilikuwa limekula jicho. Homa ikanipanda, taya halifunguki, mate yanachuruzika siwezi kuyameza. Nilijifunika khanga kichwa kizima nikageukia ukutani. Zubeda akaja na uji.

"Mama, amka unywe."

Nikatikisa kichwa.

"Mama, geuka nikuone."

Nikatikisa tena. Ndipo akaweka kikombe chini, akapanda kitandani na magoti yake, akaivuta khanga. Nilijua harufu imempiga, maana mimi mwenyewe ilinipiga. Hakugeuza uso. Aliniangalia shavu, akanifungua mdomo kwa kidole gumba kama anavyomfungua mtoto, akachungulia ndani.

"Hii ndiyo ilikuwa Kagunga?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ile chupa?"

Nikaitikia tena, na machozi yakanitoka kwa jicho lililobaki wazi.

"Yebaba wee!" akapiga kelele, akashika kichwa. Akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akanikumbatia na usaha wangu na homa yangu. "Mama, mimi nilidhani unanichukia! Meno! Kumbe meno!"

Alimwita Idi kwa simu, na kabla ya saa sita tulikuwa hospitali.

Mngeliona lile benchi la kliniki ya meno. Kuna mzee amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, mama ameshika shavu kwa mikono miwili, kijana wa bodaboda anatetemesha mguu. Wote kimya. Nimeishi Kigoma maisha yangu yote na sijawahi kuona watu wa Kigoma wengi namna ile wamekaa pamoja bila kuongea. Mlango ukifunguka, sote tunautazama, na anayetoka na pamba mdomoni anatutazama kama mtu aliyerudi safari ya mbali. Yule mzee wa kitambaa alinisogezea nafasi karibu na dirisha penye hewa. Hakuweza kusema, akanipigapiga mkono. Sijui jina lake hadi leo, na namwombea dua.

Daktari alikuwa binti mdogo, kaletwa na kazi kutoka Njombe. Daktari Neema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," nilijibu, ingawa ilitoka kama mtu anayezama.

Aliangalia, akapima, akanitoboa kidole kupima sukari. Akakunja uso. Kisha akavuta kiti akakaa chini yangu ili asinisemee kwa juu.

"Bibi, mbona umekaa nayo muda wote huu?"

Zubeda akanijibia, "Anasema ni uzee."

"Uzee ni mvi, bibi," alisema Daktari Neema. "Jino kuoza ni ugonjwa, na ugonjwa unatibiwa."

Akanieleza kwamba sukari ilikuwa juu, nami sikujua hata kama ninayo, na kwamba mdomo na sukari walikuwa wanafitinishana: huyu anamchochea yule, yule anamrudishia huyu. Kwanza tutoe usaha na homa, kisha tushushe sukari, halafu meno. Mengi hayakuwa ya kuokoa. Nilipouliza mengi maana yake nini, alinishika goti, nikaelewa.

Niliogopa. Majirani walikuwa wameshaniambia kwamba ukingʼoa meno ya juu unapofuka. Nikamuuliza daktari bila aibu, maana aibu yote ilikuwa imeshavuliwa na Zubeda.

"Bibi, nimengʼoa ya juu ya watu wengi sana," alisema. "Wakinikuta sokoni wananitambua kwa mbali, na wengine wananikimbia."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Kagunga. Kuliniuma.

Kuanzia hapo sikuhesabu tena kwa tarehe. Ziwani tunakwenda na mwezi: zikija siku za giza lisilo na mwezi boti za dagaa zinakwenda majini, mbalamwezi ikitoka zinapumzika. Idi akiwa na nafasi ni wakati wa mbalamwezi, kwa hiyo kila mbalamwezi alinipeleka kungʼolewa, machache kwa safari, na kati yake ni vidonge vya sukari na kusukutua maji ya chumvi. Mbalamwezi ya kwanza yaliondoka ya nyuma ya chini. Iliyofuata ya juu, na nilipotoka nilimtazama Idi, nikasoma kibao cha duka lililo ngʼambo ya barabara kwa sauti, ili majirani wapelekewe habari. Nilisoma kwa mdomo wenye ganzi, na hakuna aliyeelewa ni kibao gani.

Maumivu yenyewe, niseme kweli, ni ya sindano tu. Kinachobaki ni sauti. Unasikia jino linavyoachana na taya, ndani ya kichwa chako mwenyewe, mlio wa mti unaokatwa, na hakuna mtu mwingine anayeusikia. Siku walipolitoa lile jino la mbele nililia, na Daktari Neema alidhani ganzi imeisha. Nikamwambia ganzi ipo, huyu ni mume wangu ninayemzika mara ya pili. Hakuelewa, lakini alisubiri nimalize.

Uso ukabadilika. Midomo iliingia ndani, kidevu kikapanda kuja kuisalimia pua. Nilikonda hadi gauni zikawa za mtu mwingine. Siku moja nilijiona kwenye kioo cha kabati nikadhani ni mama yangu, na mama yangu alifariki mzee sana. Maneno yalitoka yamevaa viatu vikubwa. Katonga nilikwenda nimejifunika, nikakaa kwenye gunia langu, na wale wanawake wenzangu, ambao nilidhani watanicheka, walinicheka kweli, kisha wakaniletea uji wa mtama na kuuliza kliniki iko mlango gani.

Na Zubeda maneno yake yalirudi. Alikuwa anachemsha mgebuka na mawese, anakaa chini na sahani mapajani, anautoa mwiba mmoja mmoja huku ananipa habari za mtaa mzima, kisha anausaga kwa mwiko hadi unakuwa laini kabisa. Nusu ananipa mimi, nusu mtoto. Mtoto akawa ananikodolea macho, nami namkodolea, tunashindana kumaliza. Mtoto wa watu alikuwa ananipita. Nilikuwa mgonjwa, sina jino, sukari inapanda na kushuka, na jioni zile nilikuwa na furaha kuliko miaka yote niliyokula jikoni peke yangu.

Lakini Kagunga jambo lilikuwa halijaisha. Zubeda alikuwa amempigia mama yake siku ileile ya hospitali, akaweka simu sauti ya juu ili nisikie.

"Meno?" sauti ya Mama Zubeda ilisema. "Mtu mzima na heshima zake aje kwangu na chupa ya uji kwa ajili ya meno? Hapo kuna kitu kingine. Wewe unamkinga kwa sababu unampenda."

"Mama, nimeyaona kwa macho yangu."

"Basi mwambie aje ale. Akila kwangu nitaamini. Kiangazi kikiisha hajaja, wewe na mtoto mnarudi nyumbani."

Zubeda alikata simu akaniangalia. Alikuwa hataki kwenda, na alikuwa hawezi kumkatalia mama yake. Nilimwambia nitakwenda, nami wakati huo hata ndizi mbivu nilikuwa naibembeleza.

Fizi zilipopona, Daktari Neema alinijaza mdomoni kitu laini cha waridi kama unga uliokandwa, nikakaa nimeuma hadi kikawa kigumu, ili wapate umbo. Meno yalipokuja niliyaona meupe mno, kama ya mtangazaji wa televisheni. Nikayavaa. Nilijisikia kama kuna mpangaji ameingia mdomoni na vyombo vyake vyote. Mate yalinijaa, maneno yakapiga miluzi, na kwenye ufizi kukachubuka, ikabidi daktari ayasugue tena na tena. Nawaambieni ukweli ili msije mkakata tamaa: siku za mwanzo nilitaka kuyatupa ziwani. Zubeda ndiye aliyenifundisha kula, anakata vipande vidogo, ananiambia, "Pande zote mbili, mama, pole pole," na mimi natafuna huku natazama saa ya ukutani nisije nikamtazama yeye na kulia. Dagaa kwa meno haya sikati. Nilijaribu mara moja, yakanyanyuka yote mbele ya mteja. Siku hizi namvunja kwa vidole karibu na sikio.

Kiangazi kilipokuwa kinakaribia mwisho tulipanda boti, mimi, Zubeda na mtoto. Kikapuni zawadi tu. Zubeda alikikagua mwenyewe.

Mama Zubeda alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwakeye, mkwe," alinisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye."

Hakutabasamu. Mkeka uleule, nyama ya mbuzi, ugali, mgebuka wa kubanika. Akakaa mbele yangu, magoti karibu yagusane, akachagua kipande, akakiweka. Nilikikata kidogo kwa vidole nikakitia mdomoni. Nikatafuna pande zote mbili. Nikameza. Nikachukua kingine. Nilitafuna kwa hadhari, maana ningeteleza pale, meno yakadondoka kwenye sinia, sijui ningeificha wapi sura yangu. Alinitazama mdomo bila kupepesa hadi vipande vyote alivyoniwekea vikaisha. Ndipo mabega yake yakashuka.

"Kumbe ni kweli," alisema taratibu. "Mkwe, nisamehe. Niliudhika sana."

"Ningeudhika mimi zaidi yako," nilisema, na ni kweli, ningekuja na boti usiku huohuo kugomba.

Tukacheka sote. Na alipocheka, aliweka mkono mdomoni.

Mkono ule niliufahamu. Nikaacha kula, nikaanza kumtazama yeye. Tonge lake lilikuwa dogo, limelowa mchuzi, anameza bila taya kusogea. Nyama upande wake ilikuwa imeguswa, imerudishwa. Maji aliyaweka kinywani, akayapitisha upande mmoja tu, jicho likakunjamana. Ilikuwa ni mimi yule, jikoni kwangu, na mkate wangu kwenye chai.

"Mama Zubeda," nikamnongʼoneza, "inakuuma upande gani?"

Alikaa wima. "Mimi? Siumwi. Nimeshiba."

"Umeshiba kwa matonge mangapi?"

Alitazama mlango kama Zubeda yupo, akamwona yuko nje na mtoto. Akasogea karibu, na safari hii hakuficha pumzi yake.

"Tangu kabla mtoto hajazaliwa," alisema. "Siku ile ulipokuja na chupa yako, mimi mwenyewe sikula. Niliwaambia watu ni wewe umenikata hamu." Akafuta jicho kwa pindo la khanga. "Nilikuwa nauonea wivu uji wako, mkwe. Wallahi nilikuwa nautamani."

Nililala kwake siku ile, na asubuhi tulikunywa uji wawili, kutoka sufuria yake. Kumtoa Kagunga haikuwa kazi ndogo. Alikuwa na mashamba, alikuwa na mbuzi, alikuwa na uzee. Hilo la uzee nilimjibu kama nilivyojibiwa. Mwishowe alipanda boti kwa sababu nilimwambia nisipoondoka naye sitaondoka, na chakula chake nitakimaliza chote, maana sasa nina meno.

Kwenye benchi alikaa kati yangu na Zubeda, mrefu kuliko sote, khanga hadi puani. Jina lake lilipoitwa hakusimama, nikamshika mkono nikaingia naye. Aliketi kwenye kile kiti kama mtu anayekalia ukingo wa mtumbwi. Daktari Neema alimwamkia vizuri, akawasha taa, akamwomba afungue mdomo.

Mama Zubeda akaubana. Daktari akaomba tena kwa upole. Akatikisa kichwa, macho yamejaa maji, ananitazama mimi, na nilijua anachowaza: mtoto wa watu, msomi, msafi, aje auone uozo huu.

Ukimwacha daktari, hakuna mtu aliyekuwa ameniona bila meno tangu nilipoyavaa, hata Zubeda. Kuyatoa ni chumbani, mlango umefungwa. Nilisogea mbele ya kiti, chini ya ile taa kali, nikaingiza vidole nikayatoa, ya juu na ya chini, nikayashika kiganjani. Uso wangu ukaporomoka, nikausikia unavyoporomoka. Nikafungua mdomo mbele ya mkwe wangu, wazi kabisa, hadi kooni.

"Wangu hauna hata jino moja," nilimwambia, na maneno yalitoka kama upepo. "Na nipo hai. Nipo hapa."

Aliutazama mdomo wangu kwa muda mrefu. Kisha akaishusha khanga, akanishika mkono ule uliobeba meno, akafungua.